Je, ulimwengu mzima unazunguka? Shajara ya mradi

Kuanza: kulikata swali

Mradi wenyewe ni huu: kuandika maelezo marefu, yenye hesabu ambazo msomaji ataweza kuzirudia mwenyewe, juu ya swali ambalo watoto huliuliza mapema kuliko watu wazima. Mwezi unaizunguka dunia. Dunia inalizunguka jua. Jua nalo linakizunguka kitovu cha galaksi yetu, Njia Nyeupe, kwa kasi ya takriban kilomita 220 kwa sekunde, na mzunguko mmoja huchukua kama miaka milioni 230. Basi galaksi zote kwa pamoja, ulimwengu mzima, zinazunguka nini?

Majibu mawili husambaa sana. La kwanza ni "hapana" linalotolewa kana kwamba ni jambo la kuamuliwa kwa akili tu, bila kutazama angani. La pili ni "ndiyo, wanasayansi wamegundua", ambalo huibuka upya kila utafiti fulani unapotoka. Yote mawili hayalitendei haki swali lenyewe. Swali hili limepimwa, na limepimwa kwa ukali wa ajabu. Nataka msomaji aone kipimo, si tamko.

Hatua ya mwanzo ni kuligawa. Dunia inajizungusha kwenye mhimili wake na papo hapo inalizunguka jua, na kwa kuwa inafanya yote mawili tumezoea kuyaweka kapu moja. Kwa ulimwengu mzima ni lazima yatenganishwe, kwa sababu moja linahitaji kitu cha nje na jingine halihitaji. Faili mbili zimefunguliwa: "kuzunguka kitu" na "kujizungusha".

Faili la kwanza: kuzunguka kitu

Nilitarajia faili hili liwe fupi, na limekuwa fupi, ila ndani yake kuna jambo zuri ambalo sikutaka kulipita mbio.

Jibu la kawaida ni kwamba ulimwengu ni vyote vilivyopo, kwa hiyo hakuna "nje" ya kuzungukia. Ni sahihi, lakini mtu anayeuliza haridhiki, na ana haki. Tunachoweza kukiona kina mpaka: upeo wetu uko umbali wa kama miaka ya nuru bilioni 46 kila upande, na nadharia haisemi kwamba vitu vinaishia hapo. Sasa tuseme kuna rundo kubwa la maada nje ya upeo, na sehemu yetu yote inavutwa nalo. Je, tungejua?

Hapa ndipo fizikia inapopendeza. Mwanaanga aliye ndani ya chombo kinachoizunguka dunia huelea. Hahisi kwamba anaanguka, kwa sababu yeye, kalamu yake na kuta za chombo vinaanguka sawasawa. Mvutano ulio sawa kila mahali haujitangazi kwa walio ndani yake. Kinachoonekana ni tofauti ya mvutano baina ya upande mmoja na mwingine, ile inayofanya bahari zijae na kupwa kwa sababu ya mwezi. Kwa hiyo swali la haki si "tunazunguka nini?" bali "je, kuna upande ambao galaksi zinaelekea kwa pamoja, au unyooshwaji wowote unaoonekana?"

Hilo limetafutwa. Mnururisho wa mawimbi mikro uliobaki tangu ulimwengu ulipokuwa na umri wa kama miaka 380,000 hutufikia kutoka pande zote kwa joto la kelvini 2.725. Upande wa kundinyota la Simba una joto zaidi kwa kama sehemu 3.4 za elfu moja ya kelvini, na upande wa pili umepoa kwa kiasi kilekile. Maana yake ni kwamba jua letu linakwenda kwa kilomita 370 kwa sekunde kuelekea huko. Huo ni mwendo wetu sisi, unaoelezeka kwa mivutano ya galaksi na makundi yaliyo jirani. Mwaka 2008 Alexander Kashlinsky na wenzake walidai kuwa makundi ya galaksi yaliyo mbali sana yanatiririka kwa mamia ya kilomita kwa sekunde kuelekea upande mmoja, kana kwamba kuna kitu nje ya upeo kinachoyavuta. Setilaiti ya Planck, iliyorushwa kuupima mnururisho huo wa kale, ilipopima mwendo wa makundi hayo kwa njia kama hiyo, mtiririko haukuonekana.

Faili limefungwa kwa sasa. Sehemu tunayoiona haionyeshi dalili ya kuvutwa na chochote, na kwa ulimwengu mzima neno "kuzunguka kitu" linakosa kitu.

Faili la pili: ndoo, pendulamu na jairoskopu

Kujizungusha ni habari nyingine kabisa, na hapa mradi umeanza kunoga.

Isaac Newton mwaka 1687 alieleza jaribio la ndoo ya maji iliyoning'inizwa kwa kamba iliyosokotwa. Ndoo ikiachiwa izunguke, mwanzoni maji hubaki bapa. Yakishashika mwendo wa ndoo, uso wake hubonyea katikati na kupanda kingoni. Mtu aliyefungiwa ndani ya ndoo, asiyeona chochote cha nje, angetazama uso wa maji na kujua. Mwaka 1851 Léon Foucault aliwaonyesha watu wa Paris jambo hilohilo kwa dunia nzima: chini ya kuba la Panthéon alitundika tufe la kilo 28 kwenye waya wa mita 67, na mstari wa kubembea kwake ukawa unageuka polepole mchana kutwa. Anga ingekuwa na mawingu mwaka mzima, bado tungejua kwamba dunia inajizungusha.

Kwa hiyo kuzunguka hakuhitaji shahidi wa nje. Kunaweza kupimwa na aliye ndani.

Ila limebaki fundo, na mwanafizikia Ernst Mach ndiye aliyelikazia macho mwaka 1883. Maji ya Newton yanajuaje kwamba yanazunguka? Yanazunguka kwa kulinganishwa na nini? Mstari wa pendulamu unabaki umeelekezwa, kwa kadiri tunavyoweza kuona, kulingana na nyota na galaksi za mbali. Inawezekana isingekuwa hivyo. Ingewezekana tuwe na jairoskopu, yaani gurudumu linalozunguka kwa kasi na hivyo kuulinda mwelekeo wa mhimili wake, iliyo kamili, isiyosumbuliwa na chochote, iliyoelekezwa kwenye galaksi fulani ya mbali, na baada ya miaka mingi tuikute haielekei tena kule, kwa sababu galaksi zote zimehama kwa pamoja kuizunguka anga.

Hiyo ndiyo maana halisi ya "ulimwengu unajizungusha". Nimeiandika juu kabisa ya rasimu, kwa sababu kila kinachofuata kinategemea sentensi hiyo: jairoskopu inasema hivi, galaksi za mbali zinasema vile. Hakuna haja ya ukuta wa nje wala ya kitovu.

Gödel

Watu wengi hukwama hapo kwenye kitovu. Kama kila kitu kinazunguka, lazima kuwe na mhimili mahali fulani, sivyo? Kurt Gödel alionyesha kwamba si lazima.

George Gamow alikuwa ameliuliza swali hadharani katika barua fupi kwenye jarida la Nature mwaka 1946: galaksi zote zinazunguka, je, si ulimwengu wenyewe ulizunguka tangu mwanzo? Mwaka 1949 Gödel, mwanahisabati aliyekuwa jirani na rafiki wa Einstein huko Princeton, alitoa suluhisho kamili la milinganyo ya Einstein ya mvutano ambamo maada yote inazunguka, na kila mtazamaji, popote alipo, anayaona mengine yote yakimzunguka yeye kulingana na jairoskopu yake. Wote wako sawa. Hakuna aliye katikati.

Nimekaa na jambo hili muda mrefu kuliko nilivyopanga, kwa kuwa ndilo linalovunja kabisa picha ya tufe kubwa linalozunguka gizani. Milinganyo ya Einstein haikatazi ulimwengu kuzunguka. Wala haiamuru usizunguke. Ulimwengu wa Gödel una mambo ya kutisha pia: mtu akisafiri mbali vya kutosha kwa kasi ya kutosha anaweza kurudi kwenye wakati wake uliopita. Tena hautanuki, na wetu unatanuka, kwa hiyo si wetu. Lakini kazi yake ilikwisha kufanyika: tangu hapo swali halikuwa tena la falsafa peke yake. Kama nadharia inaruhusu yote mawili, ni lazima kutazama.

Kuhesabu galaksi

Njia ya kwanza inayomjia mtu akilini ni kuangalia galaksi zenye mikono ya mviringo zinageukia upande gani. Zikiwa nusu kwa nusu, hakuna upendeleo. Zikizidi upande mmoja, pengine zimerithi mzunguko wa ulimwengu.

Ni njia rahisi na yenye mitego, na hapa nimeandika programu ndogo ya kompyuta. Mwaka 2025 mtafiti Lior Shamir alichapisha hesabu ya galaksi 263 zilizopigwa picha na darubini ya anga ya James Webb katika eneo moja dogo la anga: 158 zilionekana kugeukia upande wa saa na 105 kinyume chake. Hiyo ni asilimia 60 kwa 40. Vyombo vya habari vilirukia.

Programu yangu inafanya jambo moja: inarusha sarafu 263 kisha inahesabu, halafu inarudia tena na tena. Kwa bahati tupu, wastani ni 131.5 na mtawanyiko wa kawaida, yaani kiasi ambacho matokeo huyumba kwa kawaida kutoka kwenye wastani, ni kama 8. Matokeo ya 158 yako mbali na wastani kwa 26.5, yaani zaidi kidogo ya mitawanyiko 3. Tofauti kubwa kiasi hicho, kwa upande wowote, hutokea kama mara 1 katika kila 1000. Si jambo la kudharau. Pia si jambo la kujengea ulimwengu.

Nikaandika pembeni maswali ambayo hesabu ya sarafu haiwezi kuyajibu. Galaksi inayogeukia upande wa saa kwetu inageuka kinyume kwa anayeitazama kutoka upande wa pili. Kwa hiyo kama kuna mhimili wa kweli, nusu moja ya anga lazima izidi upande mmoja na nusu ya pili izidi upande mwingine. Eneo moja dogo haliwezi kuonyesha hivyo. Kisha kuna jicho lenyewe. Mradi wa Galaxy Zoo, ulioanza mwaka 2007, uliwapa watu wa kujitolea picha za galaksi zipatazo milioni moja, nao wakaripoti galaksi nyingi zaidi zinazogeuka kinyume cha saa. Watafiti wakafanya jambo la busara sana: waliwaonyesha watu picha zilezile zilizopinduliwa kama kwenye kioo. Kama upendeleo ulikuwa wa galaksi, ungegeuka. Haukugeuka. Ulikuwa wa macho ya binadamu.

Jaribio hilo la kioo nalipenda kuliko yote katika mradi huu, na litapata ukurasa wake.

Hata galaksi zinapopangwa na kompyuta badala ya macho, kuna mabishano. Shamir amechapisha mara kadhaa kwamba upendeleo upo. Dhruva Patel na Harry Desmond walizipitia upya data hizo mwaka 2024 kwa takwimu makini zaidi na hawakukuta ushahidi wake. Shamir mwenyewe alitaja uwezekano kwamba mzunguko wa Njia Nyeupe unabadilisha kidogo mwangaza wa galaksi tunazozitazama, na hivyo kuathiri zipi tunaziona. Na hata kama upendeleo ungethibitika, bado ungekuwa ni habari ya namna galaksi zilivyozaliwa. Mzunguko wa ulimwengu mzima ungehitaji hatua nyingine ya ushahidi.

Kumbukumbu fupi, nisije nikasahau: mwaka 1982 Paul Birch alidai kuona dalili ya mzunguko katika mwelekeo wa mawimbi ya redio kutoka galaksi za mbali, kama sehemu 1 ya trilioni 10 ya rediani kwa mwaka (rediani ni kipimo cha pembe, kama digrii 57). Sampuli kubwa zaidi zilipokuja, dalili ikafutika.

Ramani ya Planck

Kipimo chenye nguvu kiko kwingine, katika ule mnururisho wa kale, na Stephen Hawking ndiye aliyeonyesha njia mapema, mwaka 1969, kisha pamoja na C. B. Collins mwaka 1973.

Fikra yake ni hii. Ulimwengu unapotanuka, mzunguko wake hupungua. Kwa maada ya kawaida, ukubwa ukiongezeka mara 10, kasi ya kugeuka hupungua mara 100. Tangu mnururisho ule ulipoachiwa, ulimwengu umetanuka mara 1,090 hivi. Kwa hiyo mzunguko wowote uliopo leo, hata uwe mdogo namna gani, wakati ule ulikuwa mkubwa mara milioni 1.2. Nuru iliyosafiri tangu enzi zile kupitia anga inayojisokota ingefika kwetu ikiwa na alama: mabaka ya joto na baridi yaliyojikunja mfano wa ond, yaani mzingo kama wa gamba la konokono, upande mmoja wa anga.

Ramani ya Planck ina tofauti za joto za kiwango cha sehemu 1 kwa 100,000. Ond ikitafutwa humo haionekani. Matokeo ya Planck ya mwaka 2015 yanaweka kikomo: kwa aina ya ulimwengu unaozunguka iliyopimwa, kasi ya kugeuka haizidi sehemu 7.6 za bilioni 10 za kasi ya kutanuka. Mwaka 2016 Daniela Saadeh na wenzake huko London walipanua utafutaji, wakaruhusu namna zote za ulimwengu wenye mwelekeo maalumu badala ya namna moja tu, wakatumia pia upolarishaji wa nuru, yaani upande ambao mawimbi yake yanatikisikia. Walikuta uwezekano wa ulimwengu kuwa na mwelekeo maalumu ni 1 dhidi ya 121,000.

Nambari kama "7.6 za bilioni 10" haimwambii kitu msomaji, basi nimeibadilisha, na hesabu yake hii hapa. Kasi ya kutanuka ni kama 0.069 kwa kila miaka bilioni, yaani kwa kasi ya leo umbali mkubwa hukua kwa kama asilimia 6.9 katika muda huo. Zidisha: kikomo cha kugeuka ni kama 0.00000000005 ya rediani kwa miaka bilioni. Kwa kasi hiyo ya leo, katika miaka bilioni 13.8 yote ya umri wake, ulimwengu ungekuwa umegeuka chini ya sehemu mbili za elfu kumi za sekunde ya tao, na digrii moja ina sekunde za tao 3,600. Mzunguko mmoja kamili ungehitaji miaka kama bilioni 100 mara bilioni moja. Nimeirudia hesabu hii kwa njia mbili tofauti, na inatoka vilevile.

Dai la miaka bilioni 500

Hili linaulizwa sana, kwa hiyo lazima liingie. Mwaka 2025 kundi lenye István Szapudi wa Chuo Kikuu cha Hawaii lilipendekeza kwamba mzunguko mdogo wa ulimwengu ungeweza kutatua mgogoro wa kasi ya kutanuka: mnururisho wa kale unatoa kama 67, nyota na supanova (nyota zinazolipuka) za karibu zinatoa kama 73, kwa vipimo vya kilomita kwa sekunde kwa megaparseki, ambayo ni kama miaka ya nuru milioni 3.26. Kasi ya kugeuka waliyoihitaji ni 0.002 ya rediani kwa kila miaka bilioni. Ndiyo iliyotangazwa kuwa mzunguko mmoja kwa miaka bilioni 500, ingawa huo ni muda wa kugeuka rediani moja tu; mzunguko kamili ungechukua kama bilioni 3,100.

Nimelinganisha. 0.002 ukigawa kwa 0.069 unapata kama 0.03. Kikomo cha Planck ni kidogo kuliko hapo mara milioni 40 hivi. Ni kweli kwamba wale hawakutumia kielelezo kilekile. Walianza na kielelezo rahisi, cha kimakanika, kuona kama wazo linasimama, nalo ni wazo la heshima linalostahili kupimwa. Lakini pengo la mara milioni 40 halizibwi kwa kubadili kielelezo peke yake. Ni lazima kielelezo kamili kieleze ile ond imekwenda wapi. Mpaka hapo, katika maelezo yangu dai hili linakaa kama pendekezo, na nitaandika hivyo kwa herufi zisizofichika.

Sifuri yenyewe

Sehemu hii haikuwemo kwenye mpango. Imejileta.

Kila kitu tunachokijua kinazunguka: sayari, nyota, galaksi. Mwaka 2021 Peng Wang na wenzake walionyesha kwamba hata nyuzi za galaksi, zenye urefu wa mamia ya mamilioni ya miaka ya nuru, zinaonekana kuzunguka. Ukipanda ngazi moja zaidi, kwenye mzima wake, mzunguko unakatika. Kwa nini?

Jibu la nusu ya kwanza linajulikana vizuri. Galaksi changa hazikurithi mzunguko. Zilisukwasukwa na mivutano ya majirani zao zilipokuwa bado mawingu yasiyo na umbo sawa. Kila moja iliyopata mzunguko upande huu iliacha nyingine na mzunguko upande ule. Jumla inabaki sifuri. Kwa hiyo Gamow alipouliza kama galaksi zinazunguka kwa sababu ulimwengu unazunguka, leo tunaweza kujibu kwamba hazihitaji hivyo.

Nusu ya pili ni nzito zaidi. Kwa nini mzima wenyewe hauna mzunguko, wakati milinganyo inauruhusu? Maelezo yanayopewa nafasi kubwa ni kwamba ulimwengu ulitanuka ghafula kupita kiasi katika sehemu ndogo kabisa ya sekunde yake ya kwanza, na mzunguko wowote wa mwanzo ukapunguzwa hadi kutoonekana. Kama ni hivyo, ile sifuri ya Planck ni alama ya tukio, sawa na mabaka ya joto yenyewe. Mach angeifurahia: jairoskopu na galaksi za mbali vinakubaliana, na ni katika mwendo wa ulimwengu wenyewe vilipokubalishwa. Naiona sifuri hii kuwa ugunduzi mkubwa usiosifiwa vya kutosha, na sasa rasimu nzima inapangwa upya ili ielekee hapo, badala ya kuishia kwenye "hapana".

Yaliyobaki

Michoro bado: ndoo, ond ya mnururisho, na anga iliyogawanywa nusu mbili. Kielelezo cha Gödel nitakieleza kwa maneno, mchoro wake unapotosha zaidi ya unavyosaidia.

Programu ya sarafu inaongezewa sehemu ya pili: badala ya kuhesabu eneo moja, itapokea mahali pa kila galaksi angani na kujaribu mihimili yote inayowezekana, kisha kupunguza uzito wa matokeo kwa kuwa mihimili mingi imejaribiwa. Darubini ya Vera Rubin huko Chile, iliyotoa picha zake za kwanza mwaka 2025, itapiga picha za mabilioni ya galaksi kwenye anga yote ya kusini. Orodha za galaksi zake zikitoka zitaingizwa humo, kila picha mara mbili, ya kawaida na ya kioo.